Kumbukumbu ya mradi: vyungu sita vinavyoitikia mguso

Mimea sita hai imepangwa barazani. Ukigusa jani, taa zilizozunguka kitako cha chungu zinawaka na spika inatoa sauti. Mgeni haoni skrini wala kitufe. Wazo si jipya: Christa Sommerer na Laurent Mignonneau walitumia mimea hai kuongoza picha za kompyuta tangu 1992, na kundi la Scenocosme la Ufaransa lilitengeneza mimea inayoimba ikiguswa mwaka 2007. Siku hizi maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) ya ESP32 ina sensa za mguso ndani yake, kwa hiyo kazi kubwa imehama kutoka kwenye vifaa hadi kwenye udongo.

Mimea: mishubiri miwili, mirehani miwili, mchaichai mmoja, kifauongo mmoja. Vifaa vingine ni ESP32 moja ya kawaida, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 ya kuchezesha sauti, taa za LED za WS2812B 180 (30 kwa kila chungu), pawa saplai ya volti 5 ampea 10, rezista sita za omu 510, kapasita ya mikrofaradi 1000, na chipu ya 74AHCT125 ya kupandisha ishara kutoka volti 3.3 hadi 5.

Wiki ya 1: chuma ndani ya udongo

Waya haufungwi kwenye jani. Unaunganishwa na kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye udongo, na maji yaliyomo kwenye mizizi, shina na majani yanafanya kazi ya waya uliobaki. Shaba ilikataliwa mapema kwa sababu kwenye udongo mbichi inashika kutu ya kijani, na ikizidi inadhuru mizizi. Msumari wa bati nao unapoteza zinki yake polepole. Kilichofaa ni spoki ya baiskeli ya chuma cha pua, milimita 2, imekunjwa pembe na kuzamishwa sentimita 12.

Si kila spoki inayong'aa ni chuma cha pua, na sumaku haiamui, maana chuma cha pua kilichovutwa kikiwa baridi nacho hunasa kidogo. Loweka spoki kwenye maji ya chumvi siku tatu. Ikitoa ukoko mweupe au madoa ya kutu, irudishe dukani. Jambo jingine: risasi ya kulehemu ya kawaida haishiki kwenye chuma hiki. Usipoteze jioni nzima na pasi. Tumia koneta ya skrubu.

Vyungu ni vya plastiki. Chungu cha udongo wa kufinyanga kinapendeza zaidi, lakini kuta zake zinanyonya maji na kuipeleka ishara moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Anayekitaka kwa macho tu akitumie kama vazi la nje, chungu cha plastiki kikae ndani yake.

Wiki ya 2: pini na namba

ESP32 ina pini kumi za mguso, lakini 0, 2, 12 na 15 zinasomwa pia wakati chipu inawaka. Ya 12 ndiyo mbaya kuliko zote: ikikutwa na volti wakati wa kuwasha, chipu inachagua volti isiyofaa ya kumbukumbu yake na programu haianzi. Zinabaki 4, 13, 14, 27, 32 na 33, ndiyo maana vyungu ni sita. Kila pini ina rezista yake ya omu 510 mfululizo, kuikinga na umeme tuli wa vidole.

Waya kutoka kwenye pini hadi kwenye spoki usizidi sentimita 40. Kebo ya televisheni yenye kinga ilijaribiwa kwa umbali wa mita 3, na mguso ukapotea kabisa. Kinga hiyo inaongeza takriban pikofaradi 65 (kipimo cha chaji ambayo waya unaweza kushika) kwa kila mita, na mguso wa kidole unamezwa humo. Bora ESP32 ikae katikati ya vyungu, na waya mrefu uwe ule wa USB kwenda kwenye Raspberry Pi.

Kwenye toleo la kwanza la ESP32, amri ya touchRead, inayosoma pini, hutoa namba inayoshuka ukigusa (kwenye ESP32-S3 inapanda, kwa hiyo usinakili programu bila kuangalia chipu). Muda wa kupima uliongezwa mara mbili kwa amri ya touchSetCycles, sasa ni karibu milisekunde 1 kwa pini. Bila waya pini inasoma karibu 150. Ikiwa na spoki kwenye udongo mkavu, 90. Mguso wa kidole kimoja unashusha 8 hadi 12. Kiganja kizima, 20 na zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoongoza ukali wa sauti na mwanga, na ndiyo inayomfanya mtu ashike jani badala ya kulidonoa.

Mngurumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50, ulikuwa ukitikisa namba kwa 5 juu na chini. Dawa yake ni hesabu tu: soma kila pini mara tatu kwa nafasi sawa ndani ya milisekunde 20, yaani wimbi moja kamili, kisha chukua wastani. Mtikisiko ulishuka hadi 2. Wi-Fi nayo imezimwa, kwani kila inaporusha data inavuta umeme kwa kishindo na namba zinaruka.

Wiki ya 3: mmea unaojigusa wenyewe

Mshubiri wa kwanza ukiguswa uliwaka, mkono ukaondolewa, taa zikagoma kuzima. Hitilafu hii inachanganya, kwa sababu programu ni sahihi na waya ni mzima. Taa zikiwaka, volti ya saplai inashuka kidogo, usomaji nao unashuka, programu inadhani bado pameguswa, basi taa zinaendelea kuwaka. Duara.

Suluhisho lilikuwa la vipande vinne. ESP32 ilipewa adapta yake peke yake, hasi zikaunganishwa sehemu moja tu. Kapasita ya mikrofaradi 1000 iliwekwa kwenye mwanzo wa taa. Waya wa data wa taa ulihamishwa usiende sambamba na waya wa spoki. Pakiwa hapana budi, vikatane kwa pembe mraba. Na usomaji hufanyika wote kwanza, ndipo taa zitumiwe data. Taa 180 zinahitaji milisekunde 5.4. Mzunguko mzima unarudi kama mara 38 kwa sekunde.

Taa zote zikiwaka nyeupe kamili zinaweza kufika karibu ampea 11. FastLED, programu inayoendesha taa, imewekewa kikomo cha miliampea 4000, na usiku mwanga huo unatosha na kubaki.

Hapa pana onyo. Pawa saplai ya bati isiyofungwa waya wa ethi inaweza kuacha hasi ikielea kwenye volti nyingi dhidi ya ardhi. Anayegusa jani peku anahisi kuwashwa vidoleni. Pima kwa multimita ikiwa kwenye AC (volti za umeme wa mbadilishano), kati ya hasi na ethi ya soketi, kabla ya mtu yeyote kukaribia. Ethi ikifungwa, namba hiyo inapaswa kuwa karibu na sifuri. Upande wa volti 230 afungue fundi umeme.

Wiki ya 4: maji

Mmea mmoja hauna namba moja. Chungu kilichosoma 90 asubuhi kinasoma 66 baada ya kumwagiliwa, na kushuka huko ni kukubwa kuliko mguso wa kiganja. Kikomo cha mguso kisichobadilika kwenye programu kinadumu hadi ndoo ya kwanza ya maji.

Kwa hiyo kila chungu kina msingi wake unaosogea, yaani namba yake ya kawaida kisipoguswa. Kisipoguswa, msingi unasogezwa 1/1000 ya tofauti kila mzunguko, yaani unafuata ukavu wa udongo kwa mwendo wa nusu dakika hivi. Kuguswa ni usomaji kuwa chini ya asilimia 90 ya msingi; kuachwa ni kupanda juu ya asilimia 94. Pengo hilo linazuia taa kupepesa. Usomaji ukizidi msingi, msingi unapanda haraka, 1/50 kila mzunguko.

Kumwagilia ghafla bado kulidanganya. Kanuni ya "mguso ukizidi sekunde 40, ukubali kuwa msingi mpya" inafanya kazi, ila sekunde 40 za mlio mfululizo ni ndefu. Kitufe kidogo nyuma ya meza kimeongezwa: anayemwagilia anakibonyeza, mfumo unanyamaza dakika 5, kisha unapima upya. Umwagiliaji wa asubuhi kabla ya wageni ni bora zaidi ya vyote.

Majani mabichi ya vyungu jirani yakigusana, vyungu viwili vinaitika pamoja. Umbali wa sentimita 40 unatosha, isipokuwa kwa mchaichai, ambao upepo wa kusi unaulaza mpaka kwa jirani. Umefungwa kamba ya ukili kiunoni.

Wiki ya 5: miguu

Mguso mmoja unatoa namba tofauti kwa watu tofauti. Aliye peku juu ya saruji anashusha karibu mara mbili ya aliyevaa ndala nene na kusimama kwenye mkeka mkavu. Barazani watu huvua viatu, hivyo hali ni nzuri. Kwingine, laza bati chini ya mkeka na uliunganishe na hasi.

Hewa ya pwani yenye chumvi inapitisha umeme kidogo juu ya ubao wa saketi, na namba zinateleza usiku. Ubao ulisafishwa kwa spiriti, ukakaushwa, pini za mguso zikapakwa rangi ya kucha isiyo na rangi.

Mrehani unalipa kwa harufu inayobaki vidoleni, lakini majani yake yanakuwa meusi yakishikwa siku nzima. Miche minne ya akiba inazungushwa, kila mmoja siku mbili kazini na nne kivulini.

Kifauongo

Huu ulikataa kanuni zote. Majani yanafumba mara tu yanapoguswa, yanakimbia kidole, na mguso hauishi hata sekunde moja. Kuusubiri ushikwe ni bure. Sasa mguso mfupi wa mizunguko mitatu unatosha: sauti inalia mara moja, taa zinazimika zote, halafu zinarudi polepole kwa dakika 15, takriban muda ambao majani yanachukua kufunguka. Ndani ya muda huo mmea hauitiki, hata uguswe vipi.

Dakika 15 ni makisio. Jioni majani yanachelewa, na giza likiingia hayafunguki tena mpaka kesho. Kipimo kinachofuata ni kamera ndogo ya Raspberry Pi juu ya chungu, ihesabu eneo la kijani kila sekunde 30, ili mwanga ufuate majani yenyewe badala ya saa.