Binti za Selofehadi na shamba la ukoo

Masomo: Hesabu 27:1–11; Yoshua 17:3–6

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wanaume wa Israeli wamehesabiwa, na agizo limetoka kwamba nchi igawanywe kwa hesabu hiyo. Selofehadi amefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo nyumba yake haina fungu. Ndipo binti zake, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wanakwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wanasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano mzima. Wanauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakupata mwana. Kisha wanadai milki, bila kuzungusha maneno.

Ninachompendea Musa hapa ni kwamba hakujibu. Mtu aliyepokea amri kule Sinai angeweza kusema mila yetu haiko hivyo, na kikao kikafungwa. Yeye alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamenena haki. Jibu hilo likawa sheria kwa Israeli wote.

Kagera hadithi hii tunaielewa haraka. Bibi zetu walipalilia migomba ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, na kuchuma kahawa yake, lakini kikao cha ukoo baada ya matanga kilikuwa cha wanaume. Binti yuko nyuma ya nyumba anamenya ndizi za wageni, masikio yako barazani, anasikia mipaka ikitajwa mgomba kwa mgomba. "Binti ni wa kwenda," wazee walisema. Hawakuwa watu wabaya. Waliogopa makaburi ya babu zao yaangukie mikononi mwa wageni. Mwaka 1963 serikali ikaziandika kanuni hizo za mila: mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila asiliuze.

Bi Holaria Pastory alirithi shamba la namna hiyo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, uzee umemfika na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Jamaa wa ukoo akafungua kesi mahakama ya mwanzo, na mauzo yakabatilishwa. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo sawasawa na mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. (Koo zetu hukutana upesi shamba linapouzwa. Mama anapozeeka peke yake, ajenda huwa haipo.)

Siku hizi mabinti zetu wananunua viwanja kwa majina yao, wanawajengea wazazi, wanateuliwa wasimamizi wa mirathi. Kwenye michango ya msiba wanaitwa sawa na kaka zao, na mara nyingi wao ndio wanaotoa zaidi. Ukifika wakati wa kugawa, wanaulizwa: si umeolewa? Yaani upande wa kutoa tumekubali kwamba zama zimebadilika, upande wa kupokea tunarudi kwa babu.

Anayetaka kulifanya andiko hili fimbo ya upande mmoja asome pia Hesabu 36. Wazee wa ukoo walikuja na hofu yao kwamba ardhi itahamia kabila jingine, na Mungu akawasikia nao. Mabinti wakaolewa ndani ya kabila la baba yao. Ila urithi haukurudishwa.

Yoshua 17 ndiyo inayonisumbua zaidi. Musa amekwisha kufa, nchi inagawanywa, na mabinti walewale wanalazimika kwenda tena mbele ya Eleazari na Yoshua kukumbusha ahadi. Neno la Bwana lilikuwa limetoka zamani. Shamba lilikuwa bado.

Juma hili, kwenye jumuiya zetu, tuulizane ni dada gani ana haki yake kwenye karatasi lakini hajaonyeshwa mpaka. Na sisi wazee wa kanisa tunaoalikwa kufungua vikao vya familia kwa sala, tusifumbe macho kabla mabinti hawajaitwa kutoka jikoni na kupewa viti.