Haya

Saa saba usiku na mi niko macho. Baba Neema anakoroma, umeme umerudi saa nne, wifi kajifungua mapacha (ndiyo, hatimaye, wote wazima, asanteni mliokuwa mnatuombea), mdogo wangu kapata ajira baada ya miaka minne ya kuzungusha bahasha, na kinachoninyima usingizi ni neno moja la herufi nne alilosema bibi mmoja dukani kwangu Jumanne iliyopita. Haya. Ndo hilo tu.

Ngoja niwape lilivyokuwa, maana nimelirudia kichwani mpaka limechakaa.

Alikuja na mwanae, mtu wa makamo, shati limenyooka, ana haraka kama wote wanaoingia stationari saa tano asubuhi. Pasipoti saizi nne za fomu. Nikamshika bibi mkono nikamkalisha kwenye kile kiti cha plastiki mbele ya kitambaa cha bluu, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, na hiyo marahaba ilitoka upande mmoja tu maana alishapata kiharusi, mdomo umeshuka kulia na jicho la upande huo linachelewa kufumba. Kilemba kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani. Alikuwa amejiandaa kupigwa picha yule bibi. Nikapiga. Yule kaka akasogea kwenye kompyuta akaangalia, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo wala haikuwa chini, "Dada, hapo mdomoni huwezi kumrekebisha kidogo? Atoke kama mtu."

Mimi nikasema, "Naweza, ila kuediti ni buku juu."

Hapo. Hapo ndo pananichoma. Ningeweza kumuuliza kwani sasa hivi ni nani. Ningeweza hata kusema bibi yuko sawa kaka, basi, kazi iishe. Mi nikataja bei.

Na nikaifanya vizuri, hilo nalo linaniuma. Nikachukua upande wa kushoto, ule mzima, nikaukopi, nikaugeuza, nikaubandika kulia, jicho, shavu na mdomo, nikalainisha mshono pale katikati ya pua. Kama dakika sita hivi, wateja wa fotokopi wamenisubiri wananuna. Akatokea bibi mzuri kweli, nusu uso mara mbili. Nikaprinti nikakata nikampa mkononi mwenyewe, maana kawaida yangu picha nampa mwenye picha, simpi anayelipa.

Akazisogeza mbali na macho. Akazirudisha karibu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe bibi."

"Haya."

Akazirudisha kwenye bahasha, akamshika mwanae mkono, wakaondoka.

Sasa nisaidieni. Inawezekana ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, kauliza tu. Inawezekana ilikuwa ile haya ya yaishe, kama mama yangu akishachoka kubishana na sisi. Au aliona haya, na Kiswahili nacho sijui kilikuwa na maana gani kuweka mambo mawili kwenye sauti moja. Au, na hii ndo inanijia sana saa hizi za usiku, kashazoea, tangu augue kila mwenye haraka anamwambia yeye ni nani naye anaitikia. Nimemweleza Baba Neema, kasema mteja kalipa, mteja kaondoka, wewe unataka nini. Sijui nataka nini. Nataka asingesema haya.

Jumapili sasa. Mnajua nafundisha sandei skuli darasa la wadogo tangu mama mchungaji anibambikie, na somo sichagui mimi, linatoka kwenye ratiba. Nafungua naikuta Mwanzo 1:26, "Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu." Nikasoma hiyo sura koo likakauka. Maana huku mtaani tunasema fulani ana sura, fulani hana sura, kama vile zilikuwa zinagawiwa na wengine tukachelewa foleni.

Nikajikaza, nikawauliza watoto, haya (loh), kwa mfano wa Mungu maana yake nini? Kimya. Halafu kale kavulana kanakokaaga chini ya dirisha, kana miaka saba, kakanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kama kwenye hesabu?" Kivipi? "Si mwalimu anaandikaga mfano ubaoni, halafu na sisi tunafanya maswali." Kwa hiyo Mungu ndo mfano? "Eeh. Sisi ni maswali." Na mwenzake pale pembeni, uso mkavu kabisa, akadakia, "Mi namba tatu nimekosa." Jamani nilicheka nikakaa chini. Nilicheka mpaka wakaanza kunicheka mimi. Mwingine akataka kujua kama Mungu ana kitovu, nikamwambia hilo ni la mchungaji.

Baada ya ibada nikamfuata mchungaji kweli, kitovu nikakiacha, nikamuuliza hiyo sura ni ipi. Habari za bibi sikumwambia. Na mchungaji wetu mnamjua, ukimgusa Kiebrania umeshachelewa chakula cha mchana. Akanambia maneno ni mawili, tselem na demut, na hilo tselem ndo lilelile la sanamu, hata zile sanamu za kuabudu zinazokatazwa kwenye Biblia hiyohiyo. Akaniletea habari ya sanamu ya mfalme iliyopatikana Syria mwaka 1979, mahali panaitwa Tell Fekheriye, ya karne ya 9 kabla ya Kristo, imeandikwa Kiakadi na Kiaramu, na kwenye Kiaramu sanamu yenyewe inaitwa kwa maneno yote mawili, ndugu kabisa wa haya ya Mwanzo. Mfalme zamani alisimamisha sanamu mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo, ili anayepita ajue hapa pana mwenyewe. Na kule Misri na Babeli kwa kawaida anayeitwa mfano wa mungu ni mfalme, siyo mimi na wewe. Mwanzo ikaja ikampa kila mtu, mwanamume na mwanamke, mpaka mama ntilie.

Nikamuuliza sasa mbona sisi kipaimara tuliambiwa ni akili? Akasema ndiyo, Agostino, yule mwalimu wa kanisa wa zamani, aliutafuta mfano huo ndani ya nafsi, kumbukumbu, akili na utashi, na wengi wakamfuata. Nikasema na mtu akipigwa kiharusi vikaondoka hivyo vitatu? Akajikuna shingo. Ndo maana mi napenda ile ya sanamu, akasema, sanamu haifanyi kazi yoyote, inasimama tu na bado ni ya mfalme. Halafu akaongeza, na hii aliiongeza kama kichekesho cha kuagana, kwamba Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4 huko, aliwauliza wenye watumwa, mfano wa Mungu mmeuthaminisha kwa hela ngapi?

Akacheka. Mi sikucheka. Mi bei naijua. Ni buku.

Nikaaga nikaondoka, na mwavuli nimeusahau kanisani.

Jioni tukaenda kuona mapacha. Mama mkwe kakaa kitandani kama mwenye mji (ni mwenye mji), kampakata wa kwanza, anatangaza, "Huyu sura ya marehemu mzee mtupu. Shilingi kwa ya pili." Nikamchungulia yule mtoto. Ana siku nne. Kavimba, jicho moja limegoma kufunguka, pua kama imebandikwa na mtu aliyekuwa anawahi daladala, hafanani na mzee, hafanani na mtu yeyote niliyewahi kumuona. Na wote chumbani tukaitikia kweli mama, mtupu kabisa. Na hakuna aliyedanganya! Mama mkwe pua wala hakuwa ameiangalia. Alikuwa anasema huyu ni wa kwetu. Nilivyorudi nyumbani nikafungua Mwanzo 5:3, mchungaji alinitajia nikawa sijasikiliza vizuri, Adamu akazaa mwana "kwa sura yake, kwa mfano wake", akamwita Sethi. Maneno yaleyale mawili. Miaka yote hii napita pale naona orodha tu ya watu wanaozaa na kufa. Yule pacha wa pili nilimpakata mimi, akanikamata kidole, yaani kakishikilia kama mlingoti, hakukiachia mpaka chai ikapoa, na sikumkumbuka bibi kwa karibu saa nzima.

Leo Jumatatu nimefungua lile faili. Ile halisi sikuifuta, huwa sifuti mpaka diski ijae. Nikazivuta mbili zikakaa pamoja kwenye skrini, na hapo ndo nikaona. Bibi ana kidoti shavu la kushoto, karibu na mdomo. Kimoja. Kwenye ile niliyompa ana viwili, kulia na kushoto, vimepangwa sawasawa kama vishikizo. Sikukiona siku ile. Nimemkopi bibi wa watu na kidoti chake na sikukiona, na yeye kaishi nacho miaka sabini na ushee, ameoga nacho, pengine mzee wake alimpendea kidoti hicho, halafu anapewa karatasi yenye viwili anaambiwa ni wewe bibi. Huyu nani, alikuwa anauliza swali la kawaida kabisa.

Nimecheka kidogo hapo, na machozi yametoka kidogo, mseto.

Nimeprinti ile halisi, nne, nimekata, nimeweka kwenye bahasha kaki kwenye droo ya juu. Namba yao sina, yule kaka alilipa keshi. Sijui hata nikimuona nitamwambia nini, samahani kaka mama yako huyu hapa? Kama fomu zao zitarudishwa kwa ajili ya vidoti watakuja kunigombeza, na natamani waje.

Nalala. Ila mwenye fremu ya duka kanipigia mara mbili leo sikupokea, na jirani wa saluni anasema yeye kashapandishiwa kodi na anadaiwa ya miezi sita kwa mpigo. Saa tatu kanitumia meseji: "Mama Neema kesho nitapita hapo." Haina hata salamu.