Uji ulifurika, pleti kubwa ikagoma kuwaka

Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, nimebandika uji wa futari. Nilitoka mara moja kumfungulia mtoto geti, niliporudi uji umefura, umemwagika pande zote za sufuria na moto umezimika. Nikafunga swichi haraka, nikafuta juu juu, nikahamishia sufuria pleti ndogo maana magharibi ilikuwa inakaribia. Usiku, wakati wa daku, nikataka kuwasha ile pleti kubwa. Tak, tak, tak. Cheche zinalia, moto hauji.

Jiko letu ni la kusimama, pleti tatu za gesi na moja ya umeme, kama yalivyo majiko mengi hapa Tabata. Wazo la kwanza la mume wangu lilikuwa gesi imeisha. Akautikisa mtungi, wa kilo 15, bado mzito, na zile pleti nyingine mbili zilikuwa zinawaka vizuri tu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa utaratibu. Kama pleti nyingine zinawaka, basi mtungi ni mzima, regulata ni nzima, na mpira unapitisha gesi. Ubovu uko kwenye pleti ile ile, tena ni kimoja kati ya viwili: cheche haifiki, au gesi haitoki.

Cheche nilizithibitisha kwa macho. Nilihakikisha hakuna harufu ya gesi jikoni, nikazima taa, nikabonyeza. Kwenye kile kipini cheupe kama kigae niliona kicheche cha bluu kikiruka kwenda kwenye chuma. Basi cheche ipo. Kisha nikawasha njiti ya kiberiti, nikaisogeza pembeni ya pleti, ndipo nikafungua gesi kidogo. Ukatokea mwali mdogo upande mmoja, kama wa mshumaa, ukayumba, ukafa. Nikafunga papo hapo. Nilikuwa nimepata jibu: gesi inakuja, ila inakuja kwa kubanwa.

Asubuhi nilimpigia fundi mmoja. Hata hakuniuliza jiko ni la aina gani. "Dada, hiyo ni kubadilisha kichwa chote, njoo na hela nikununulie Kariakoo." Nikamshukuru, nikakata simu. Iliniuma, kwa sababu najua wanawake wengi mtaani wangetoa hela hiyo, na ambaye hana angerudi kwenye mkaa.

Nikafunga mtungi, nikachomoa na plagi ya umeme, kwa sababu cheche za jiko hili zinatumia umeme wa ukutani. Mlango wa uani niliuacha wazi, siyo dirisha peke yake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kutuama sakafuni, kwa hiyo inatakiwa njia ya kutokea chini. Nikasubiri jiko lipoe kabisa.

Nilitoa vyuma vya kuwekea sufuria, nikatoa kofia, nikatoa kile kichwa chenye matundu ya moto kuzunguka. Matundu zaidi ya nusu yalikuwa yamezibwa na uji uliokauka ukawa kama gundi. Nikaviloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, nikasugua kwa mswaki wa zamani, tundu moja moja nikalipitishia njiti ya kuchokonolea meno. Nilipomaliza vilikuwa vinang'aa. Nikavirudisha hapo hapo, nikachomeka plagi na kufungua mtungi, nikawasha, na safari hii hata cheche haikutoka.

Kosa lilikuwa langu la haraka: nilirudisha vyuma vikiwa vimelowa. Maji yakishika kile kipini cheupe, umeme unapita kwenye maji badala ya kuruka kama cheche. Nikafuta kila kitu kwa kitambaa kikavu, nikaanika vyuma juani uani hadi alasiri. Jua la Dar kwa kazi hiyo halina mpinzani. Cheche zikarudi, lakini moto ukawa bado ule ule wa mshumaa. Basi uchafu ulikuwa umeshuka chini zaidi.

Ukiondoa kichwa cha pleti, chini yake kuna kikombe, na katikati ya kikombe kuna kinjugu kidogo cha rangi ya shaba chenye tundu juu. Hiyo ndiyo nozeli. Gesi yote ya pleti inapita kwenye tundu hilo, ambalo halifiki hata milimita moja. Nilifunga tena mtungi, nikaifungua kwa spana ndogo, nikainua kuelekea dirishani na kuchungulia. Giza tupu. Tone la uji lilikuwa limedondokea pale pale.

Mume wangu alishaleta sindano. Nikamkatalia. Nozeli ni laini, sindano ya chuma inaweza kulipanua tundu, na likipanuka gesi inatoka nyingi kuliko hewa inayochanganyika nayo. Moto unakuwa wa njano na sufuria zinapakaa masizi. Nilichukua kipande cha waya wa umeme, nikamenya plastiki, nikachomoa uzi mmoja wa ndani, mwembamba kama unywele. Nikailoweka nozeli kwenye maji ya moto robo saa, nikapitisha uzi ule taratibu, nikapuliza. Nilipochungulia tena niliona nukta ya mwanga, duara kamili. Moyo wangu ulitulia pale.

Nikairudisha na kuikaza, bila kutumia nguvu nyingi. Kofia nayo ina vijino vinavyotakiwa kukaa kwenye nafasi zake. Ikikaa upande, moto unawaka upande. Kabla ya kuwasha nilifungua mtungi, nikapaka povu la sabuni kwenye regulata na kwenye mpira, huku na huku. Na namshukuru Mungu nilifanya hivyo, maana kwenye klampu ya nyuma ya jiko povu lilianza kutoa mapovu madogo yanayokua polepole. Mpira ulikuwa umelegea, sijui tangu lini. Nikafunga mtungi, nikakaza klampu kwa bisibisi, nikapaka tena. Povu likatulia.

Nikawasha. Moto ukazunguka duara lote mara moja, wa bluu, mfupi, unanguruma kidogo.

Nayasema haya yote kwa sababu mitungi na majiko ya gesi sasa yanaingia nyumba nyingi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nimeuona moshi wa mkaa ulivyomfanya mama yangu, nautaka mpango huo ufanikiwe. Lakini mtu anapokabidhiwa jiko, aonyeshwe pia nozeli iko wapi na povu linapakwaje.

Siku ya Idi jirani yangu alinigongea mlango asubuhi na mapema, ameshika mfuko wenye kofia mbili za jiko lake, nyeusi tii.

"Mama Nasra, nisaidie, wageni wanakuja na pleti haiwaki."

"Karibu ndani, shoga. Kwanza niambie, cheche zinatoka?"