Nilivyozipata rangi za bahari ya Jambiani

Kila mwenye kamera huusiwa akimbie jua la mchana: piga asubuhi, piga magharibi, saa sita kaa kivulini. Kwa sura za watu sina ubishi. Kwa bahari ya Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, wosia huo ungeninyima karibu picha zote nilizozifuata.

Ile rangi ya feruzi hutokana na mchanga mweupe uliolala chini ya maji ya kina kifupi, na mchanga huo hauonekani vizuri mpaka jua lipande. Likiwa chini, mwanga huteleza juu juu na bahari nzima hung'aa kama bati jipya. Tulikwenda mwishoni mwa Februari, wakati jua la adhuhuri Unguja linasimama karibu na utosi. Basi watoto wakilala mchana, mimi na kofia yangu tunatoka.

Ila jua bila maji ni kazi bure. Upande huu bahari ikipwa hurudi hadi kwenye mwamba, ikakuachia karibu kilomita nzima ya mchanga na vidimbwi. Hapo unatazama mwezi, si saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake: saa hizo ndipo yanapojaa, na kila siku hujaa dakika kama 50 baadaye kuliko jana. Nikapanga tufike siku za maji mafu, ili kujaa kukutane na jua la utosini, halafu tumalizie na bamvua. Mke wangu alipoona nahesabu miandamo ya mwezi alidhani natafuta tarehe ya kufunga.

Nilitumia simu tu. Mchanga mweupe huihadaa, picha ikatoka ya kijivu, kwa hiyo naugusa mchanga kwenye kioo kisha naongeza mwanga kidogo. Miwani ya jua ya polaraizi, ukiiweka mbele ya lenzi na kuizungusha taratibu, huondoa mng'aro juu ya maji hadi unaona majani ya chini. Mke wangu nilimweka kwenye kivuli cha mvinje, ukingoni kabisa, uso ukielekea mchanga wenye jua. Mwanga ukampanda usoni kutoka chini bila kumfanya akunje macho. Alikuwa na gauni la buluu, likamezwa na bahari. Akajifunga kanga nyekundu, mambo yakawa mengine. Droni sikuibeba, kibali chake kina safari yake.

Bamvua ilipofika, nikaiacha feruzi nikawafuata akina mama wa mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara ufukwe huu wa mashariki mnamo 1989, na maji yakipwa utawaona wameinama kati ya vigingi na kamba, kanga na madera ya kila rangi. Watalii wengi huwapiga picha kwa mbali kama ndege. Mimi nilimwendea mmoja aliyekaa kwenye kidimbwi.

“Shikamoo mama. Naomba ruhusa nikupige picha.”

“Marahaba. Unataka picha au unataka mwani? Shika kamba hii kwanza.”

Nikashika. Akanipa mbegu, vipande vya mwani vya kahawia na vingine vya kijani, akanionyesha namna ya kuvifunga. Maji ya moto, mgongo unauma, na yeye anaimba tu. Baadaye akasema, “Mikono piga. Uso wangu wacha.”

Nikapiga mikono: pete ya fedha, kamba, mwani unaochuruzika. Akataka aione. Akaikuza kwa vidole viwili, akatazama pembeni ya picha, akaniambia fundo nililolifunga mimi limelegea. Akalifungua, akalifunga upya.