Pasi ya Mama na Fyuzi Mbili

Pasi ilizimika Jumanne usiku, katikati ya shati la shule la Zawadi. Haikutoa moshi wala cheche, ilipoa tu mkononi. Nikajaribu soketi ya jikoni. Nikafungua plagi, fyuzi yake nzima. Baba Zawadi akasema bila kuinua macho kwenye simu, "Si ununue ingine tu."

Kwa hesabu, yuko sawa. Mpya ya maana hapa Umoja, Nairobi, nimeiona kwa shilingi 1,500. Lakini hii ndiyo Mama aliyokuwa akinyooshea sare alizoshonea watu, ile nzito isiyo na mvuke. Hizi nyepesi za siku hizi lazima uziegemee na kifua ndipo kola ikubali. Nikaiweka juu ya kabati, kando ya feni isiyozunguka na redio isiyo na kifuniko cha betri. Nakiri kwamba "nitaitengeneza" ndilo neno ninalofugia takataka nyumbani humu.

Jumamosi nikaifungua. Skrubu mbili ziko nyuma, ya tatu imejificha chini ya kile kitufe cha kuzungushia joto, na hiyo ya tatu ilinila nusu saa. Nikapima kwa mita. Waya unapitisha, elementi inayochemsha pasi inapitisha, ila kuna kijidude kama punje ya mchele iliyovishwa soksi nyeupe, na hicho kimekufa. Ni fyuzi ya joto. Pasi ikichemka kupita kiasi inakatika, na ikishakatika hairudi.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni. "Hiyo itoe, unganisha waya moja kwa moja. Sisi wote hufanya hivyo." Ndiyo, na pasi itafanya kazi siku hiyo hiyo. Lakini siku thamostati, ile swichi inayopima joto, itakapokwama, hakuna kitu kingine cha kuikata stima kabla ya nguo kushika moto, na meza, na pazia.

Nikapanda matatu hadi taunini, nikaelekea Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Tangu barabara ile ifanyiwe ukarabati mwaka 2019 angalau unapata pa kukanyaga. Kijana wa duka akaitazama ile fyuzi iliyokufa kiganjani mwangu. "Fundi amekutuma ya nyuzi joto ngapi?"

"Fundi ni mimi. Imeandikwa hapo, 240. Na ampea 10."

Akacheka kidogo, akaomba radhi. "Basi chukua mbili, Madam." Shilingi 50 kila moja. Nikajua ananiuzia tu, lakini nikachukua.

Nyumbani nikawasha chuma cha kulehemu, nikaunganisha ya kwanza vizuri kabisa, risasi inang'aa. Nikapima. Kimya. Jamani! Kitu kilichotengenezwa kife kikipata joto, nami nimekishika kwa chuma cha nyuzi zaidi ya 300! Na hata kingepona, risasi yenyewe ingelainika humo ndani pasi ikishapata moto. Ya zamani ilikuwa imebanwa kwa vibomba vidogo vya chuma, nami nilikuwa nimevikata na kuvitupa. Nikavitafuta kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya viazi, nikavinyoosha, nikabana ya pili kwa koleo. Mita ikalia.

Nilikuwa nimeshaanza kufunga skrubu nilipojiuliza: ile ya kwanza kabisa ilikatwa na nini? Fyuzi ya joto mara nyingi haifi kwa uzee tu. Nikaigeuza thamostati kwenye mwanga wa dirisha. Ncha zake mbili zilikuwa nyeusi, zimegandana. Yaani pasi ilikuwa inachemka bila breki, na fyuzi ndiyo iliyotuokoa. Nikapitisha msasa laini katikati, mara tatu, nne, hadi nikasikia ule mlio wa "tik" kila nikizungusha kitufe. Ningeifunga bila kuuliza, ningekuwa Luthuli tena wiki hii.

Kwa shawa ya maji moto sikuthubutu. Nayo ilikufa mwezi uliopita, na sikujua kwa nini, na pale unasimama umelowa miguu mitupu. Nilimwita fundi, akakuta waya wa ardhi, ule wa kukukinga usipigwe na stima, haujaunganishwa popote, sijui tangu lini. Nikanunua mpya, akaifunga yeye. Sikuuliza hata bei ya elementi.

Hesabu ya pasi: fyuzi 100, nauli 160, na Jumamosi nzima. Baba Zawadi ameipiga hesabu hiyo kwa sauti. Jana usiku ameniletea suruali tatu.

Feni nimempa mtu wa vyuma aliyepita na mkokoteni, akaipima na kunipa 40. Redio imebaki juu ya kabati. Kile kifuniko kiko mahali fulani humu ndani, najua.