Lenzi ya kupigia Kibo na lenzi ya kwenda nayo Pangani

Mdogo wangu anayesoma Arusha amenunua kamera, na juma lililopita alinipigia simu kuniuliza anunue lenzi gani kwa ajili ya picha za milima na za bahari. Nilimjibu kwa maneno machache ambayo hayakuniridhisha mimi mwenyewe, kwa hiyo nimeona niliandike jibu hapa kwa utulivu. Najua wapo wengine hapa Moshi wanaojiuliza swali hilohilo, na jibu lililozoeleka, kwamba mandhari hupigwa kwa lenzi pana, yaani inayonasa eneo kubwa kwa mara moja, lilinipotosha mimi kwa miaka miwili mizima.

Lenzi yangu ya kwanza ya mandhari ilikuwa ya milimita 16 (kadiri namba hii inavyokuwa ndogo ndivyo lenzi inavyokuwa pana), nikaifunga kwenye kamera yenye sensa kamili, yaani kibao cha kupokea mwanga, ya milimita 36 kwa 24, na alfajiri moja nikashuka nayo Mabogini kwenye majaruba ya mpunga. Maji yalikuwa yametulia, mlima ulikuwa wazi kuanzia msituni hadi kileleni, na machoni pangu Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kilikuwa kimeujaza upande wote wa kaskazini. Nilipofika nyumbani na kuzifungua picha kwenye kompyuta nilikuta jaruba kubwa, anga kubwa, na katikati yake kijidoa cheupe ambacho mgeni asingekijua kuwa ndicho Kilimanjaro. Niliilaumu kamera, kisha nikailaumu mikono yangu, wakati kosa lilikuwa ni la hesabu ambayo sikuwa nimeifanya.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutoka Mabogini hadi Kibo ni kama kilomita 36 kwa mstari ulionyooka, na kutoka Barafu, kambi ya wapanda mlima, hadi kilele cha Uhuru juu ya Kibo, chenye mita 5,895, ni karibu mita 1,200 za kwenda juu. Ukiugawanya urefu huo kwa umbali huo unapata moja ya thelathini, na ukizidisha kwa milimita za lenzi unapata ukubwa wa kichwa cha mlima juu ya sensa. Kwa lenzi ya milimita 16, kichwa chote cha Kibo kinachukua nusu milimita tu katika sensa yenye kimo cha milimita 24. Kwa milimita 100 kinachukua milimita 3.3, yaani karibu sehemu moja ya saba ya kimo cha picha, na kwa milimita 200 kinapita robo. Anayetaka Kibo na Mawenzi pamoja akumbuke kwamba vilele hivyo vimeachana kwa kama kilomita 11, kwa hiyo lenzi ya kati ya milimita 70 na 100 itavibeba vyote viwili kwa upana na kubakiza nafasi kidogo pembeni.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba ukubwa wa mlima ukilinganishwa na vitu vilivyo mbele yake hauamuliwi na lenzi, bali na mahali uliposimama. Chukua mgunga ulio mita 50 mbele yako. Ukirudi nyuma mita 100, mgunga huo unapungua na kuwa theluthi ya ukubwa wake wa awali, lakini mlima ulio kilomita 36 haupungui kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona. Hapo ndipo lenzi ndefu, yaani yenye milimita nyingi, inapofanya kazi yake, kwa kuwa inavikuza vyote viwili kwa pamoja, na Kibo kinasimama juu ya mgunga kama tunavyokiona sisi tuliozaliwa chini yake. Tangu nilipolifahamu hilo, miguu yangu imekuwa sehemu ya lenzi, na mara nyingi picha nzuri naipata baada ya kutembea kurudi nyuma kwenye kingo za mfereji kuliko baada ya kusogea mbele.

Lenzi ndefu ina masharti yake. Kwa milimita 100 na tundu la kuingizia mwanga la f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), ukiweka fokasi kwenye kitu kilicho kama mita 42, picha inakuwa kali kuanzia mita 21 hadi mlimani. Chochote kilicho karibu zaidi ya hapo, hata kama ni shuke zuri la mpunga, kitafifia. Vumbi na ukungu vilivyo katikati navyo vinakuzwa pamoja na mlima, kwa hiyo ni lazima uwe umefika kabla jua halijachomoza na uwe umemaliza kabla mawingu hayajafunika, jambo ambalo siku nyingi hutokea asubuhi mapema. Ninaipenda zaidi Desemba na Januari, kwa sababu jua linakuwa limehamia kusini na kuumulika uso wa mlima unaotazama Moshi, ilhali Juni na Julai jua hukaa kaskazini na barafu za upande wetu hubaki kwenye kivuli kwa muda mwingi.

Mambo hubadilika kabisa ukifika Pangani, mji wa pwani mkoani Tanga. Maji ya mto unaoingia baharini pale yanatoka Kilimanjaro na Meru, na mimi huenda huko nikiwa na hisia kwamba namalizia picha niliyoianza nyumbani. Lakini baharini hakuna Kibo. Mbali kuna mstari wa upeo tu, na uzuri wote uko karibu na miguu yako: mizizi ya mikoko, mistari ambayo mawimbi yameiacha mchangani, nanga na kamba ya ngalawa. Hapa ile lenzi ya milimita 16 niliyoilaumu Mabogini ndiyo inayostahili. Kwa tundu la f/11, ukiweka fokasi umbali wa sentimita 80, kila kitu kinakuwa kikali kuanzia sentimita 40 hadi upeoni, kwa hiyo unaweza kupiga magoti karibu kabisa na mzizi na bado ukaupata mwanzo wa jua nyuma yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kuacha mchanga mwingi wenye vidimbwi, na hizo ndizo siku za kusafiria.

Kwa kazi ya baharini ninashauri uepuke lenzi pana zenye kioo cha mbele kilichotuna, kama ile ya Nikon ya milimita 14 hadi 24 iliyotoka mwaka 2007, kwa sababu haiwezi kufungwa filta ya kawaida ya skrubu. Ninahitaji filta nyeusi inayopunguza mwanga mara elfu moja, ambayo hugeuza shata, yaani muda wa kuruhusu mwanga uingie, ya sehemu moja ya sitini ya sekunde kuwa sekunde 16 hivi, na mawimbi yakawa kama moshi juu ya mawe. Tundu kubwa la f/2.8 la lenzi hiyo nalo halina faida kubwa kwa mtu anayepiga kwa f/8 au f/11 juu ya tripodi. Anayepiga nyota usiku, huyo ana sababu ya kulilipia.

Chumvi na unyevu ni maadui wa kweli. Lenzi yangu moja iliota kuvu ndani kwa sababu niliifungia kwenye begi ikiwa na unyevu wa pwani na kuisahau. Ndiyo maana unaponunua lenzi iliyotumika unapaswa kuimulika kwa tochi kutoka nyuma na kutafuta nyuzi nyeupe kama za buibui, kisha upige ukuta wa matofali kwa f/8 na kulinganisha kona zote nne. Kona moja ikiwa hafifu kuliko nyingine, irudishe.

Kamera ya mdogo wangu ina sensa ndogo, ambayo hufanya milimita 18 ionekane kama 27 kwenye sensa kamili. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 aliyopewa pamoja na kamera inamtosha kwa Pangani kwa sasa. Ya kwanza anayopaswa kuinunua, kwa maoni yangu, ni ile ya bei nafuu ya milimita 55 hadi 200 au 70 hadi 300, ambayo wauzaji wengi huieleza kuwa ni ya kupigia wanyama. Nimemwomba asilipe chochote kabla hajaja Moshi Jumamosi. Tutaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, tutasimama kwenye majaruba ya Mabogini, ataiweka lenzi yake kwenye milimita 55, kisha nitamwachia lenzi yangu ndefu atazame mwenyewe.