Nilivyopata hedifoni ya gemu ya bei chee isiyoniua masikio

Kuna watu wakikushauri kuhusu hedifoni za gemu unajua kabisa hawajawahi kukaa nazo kichwani hata nusu saa. "Chukua yenye taa kaka, yenye besi nzito, hiyo ndo ya gemu." Taa utaziona saa ngapi wakati ziko nje ya masikio yako? Anayezifaidi ni mbu. Halafu kwa nyingi za bei zetu hizi ule waya wa USB kazi yake kuwasha taa tu, sauti inapita kwenye pini ya kawaida, kama unabisha chomoa USB uone kama muziki utakata.

Mimi nacheza PUBG na Call of Duty ya simu, usiku, na binamu yangu, hapa hapa Dar na joto lake, na navaa miwani. Kwa hiyo nilichokuwa natafuta ni isinibane, na nisikie mtu anatembea upande gani. Bajeti elfu hamsini, ikizidi sana sitini.

Sasa sikia ujanja. Kabla ya kwenda Kariakoo tuliingia na binamu kwenye uwanja wa mazoezi wa PUBG, mimi nikasimama sehemu moja, yeye nikamwambia anizunguke taratibu, aanzie kushoto, apite mbele, aishie kulia, aende mbali, arudi mbio, apande ngazi. Mimi narekodi skrini na sauti yake. Akalalamika namtembeza kama mlinzi lakini akatembea. Kwa sababu dukani wao wanakuwekea singeli, mangoma kila mahali, na kwa singeli hakuna hedifoni mbaya, zote unatingisha kichwa tu. Mimi nikifika natoa klipu yangu, nafumba macho, nanyoosha kidole hatua zinapotokea. Watu wakawa wananiangalia kama nimepandisha mashetani, sikujali.

Na ilinisaidia vibaya mno. Nyingi hatua zinaruka, sasa hivi ziko kushoto, ghafla ziko kulia, hapo katikati jamaa kapaa. Nyingine besi nzito mpaka hatua zimezama, unasikia dum dum tu. Kuna moja kwenye boksi wameandika 7.1 kwa maandishi makubwa, yaani saraundi, sauti inayokuzunguka kwa njia nane, na ina pini moja ya milimita 3.5, ambayo inabeba kushoto, kulia na maiki, basi. Nikamuuliza muuzaji hizo nyingine zinapita wapi, akaniambia "zipo ndani kwa ndani bosi". Nikamrudishia kwa heshima. Na ile 50mm wanayoandika kwenye boksi ni ukubwa wa spika tu, spika kubwa inaweza ikawa mbovu vilevile.

Duka jingine nikaweka wimbo, mwimbaji hayupo! Vyombo vinaelea huko pembeni, yeye kama anaimbia chooni kwa jirani. Muuzaji akachangamka, "hiyo ndo saraundi yenyewe". Saraundi gani inayofukuza mwimbaji? Kumbe kava ya simu yangu nene, pini haijaingia mpaka mwisho, ule waya wa pamoja haugusi, na usipogusa unachosikia ni ile tofauti ya kushoto na kulia tu, kilichorekodiwa katikati kinajifuta, na waimbaji huwa wanawekwa katikati. Nikavua kava, pini ikaingia tak, mwimbaji huyo. Kwa hiyo kabla hujaponda hedifoni ya watu sukuma pini kwanza. Kama simu yako haina tundu nenda na adapta yako ya Type-C, tena iwe inayopitisha maiki.

Ya kwangu nilipoipata niliivaa na miwani yangu na sikuivua, nikaanza kubishania bei nayo kichwani. Nikavuta maneno makusudi, nikauliza biashara inaendaje, nikauliza mechi ya jana, lengo nisikie kama miguu ya miwani inaanza kuuma nyuma ya masikio, maana kule hakuumi dakika ya kwanza, kunauma baadaye. Kidogo ikauma. Nikainunua hivyohivyo, arobaini na kitu, kwa sababu nilishaona ndani ya mkanda kuna bamba la chuma. Nyumbani nikaivalisha juu ya boksi pana kidogo kuliko kichwa changu, ikalala hapo siku kadhaa, ikalegea. Yenye mkanda wa plastiki tupu usithubutu, utaamka una vipande viwili.

Nilipita nayo kwa Mangi nikaipima kwenye mizani, gramu 320 hivi. Binamu ana HyperX Cloud Stinger, ile iliyotoka 2016, gramu 275, akanicheka sana, lakini akiivaa yangu haivui, sijui kwa nini.

Kikabaki kitu kimoja: jasho. Sponji zimefunikwa na ngozi feki, raundi moja tu masikio yameiva. Nikachukua soksi, nikakata, nikazivalisha. Vizuri, ubaridi, ila soksi imepita mbele ya spika na nene, hatua zote zimeingia blanketi, nikauawa na mtu aliyekuwa nyuma yangu muda mrefu tu. Nikatoboa tundu katikati, soksi ikaanza kufumuka nyuzi zinanitekenya. Nikabeba kipande cha khanga iliyochoka mpaka kwa mama mmoja fundi cherehani hapa mtaani, nikamtolea zile sponji mbili. Akaziangalia, akaniangalia. "Baba, sidiria hii ya nani?" Wateja wake wakaanguka kicheko. Nikamweleza, akashona vifuko vyenye tundu katikati na mpira pembeni, vinavuliwa vinafuliwa.

Besi imepungua, nisikudanganye, ile ngozi ndo ilikuwa inaziba hewa isitoke na khanga inavujisha. Muvi za mabomu hazinogi tena. Lakini hatua zimekaa wazi kuliko mwanzo, na kwa gemu mimi nilitaka nini kingine?

Maiki ya kawaida tu, weka pembeni ya mdomo isipuliziwe pumzi, na feni isikae usawa wake maana binamu alikuwa anadhani nacheza nikiwa kwenye bodaboda.

Sasa hivi binamu naye anataka vya khanga, na wana wengine wawili watatu wa mtaani. Mimi nilishonewa kwa buku mbili, yule mama alivyoona foleni kapandisha mpaka buku tano, na khanga uje nayo mwenyewe.